Kabla Hujapanda Rurambo: Neno kwa Mwanafunzi Anayetaka Kujifunza kwa Kuhudumu

Mwanafunzi wa Uvira ana bahati ambayo wenzake wengi wa miji mikubwa hawana, na wengi wamemaliza masomo bila kuitumia. Anasoma kando ya ziwa, kwenye oditwari yenye joto, na nyuma ya paa la shule milima ya Mitumba inapanda mpaka inapita mita 2,000. Ndani ya eneo moja mna bandari ya Kalundu na wavuvi wake, mpaka wa Kavimvira unaoelekea Bujumbura, bonde la Ruzizi na mashamba yake, na huko juu Rurambo, kwenye baridi, ambako watu wanalima maharagwe na kufuga ng'ombe, na ambako mama mjamzito anabebwa kwenye machela kwa sababu gari halifiki. Karibu kila kitu kinachoandikwa ubaoni, malaria, lishe ya mtoto, mmomonyoko wa udongo, hesabu za kikundi cha akiba, jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, kipo pale kwa sura ya watu wenye majina.

Hata hivyo kila mwaka vijana wanatetea TFC, yaani kazi za mwisho wa masomo, zenye kurasa nyingi juu ya vijiji ambavyo hawakulala hata usiku mmoja. Sura ya kwanza imetoka kwa mwenzao wa mwaka uliopita, sura ya pili imetoka kwenye intaneti, na maswali ya utafiti yamejazwa chini ya mwembe. Siandiki haya ili kuwaaibisha. Naandika kwa sababu ipo njia nyingine, na faida yake naiona kila ninapokutana na kijana aliyeipita: kujifunza kwa kuhudumia jamii. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anafanya kazi ambayo watu wenyewe wameiomba, kazi hiyo inahusiana na somo analosoma, mwalimu anaifuatilia, na mwisho mwanafunzi anakaa chini na kuyatafakari aliyoyaona hadi yamfundishe. Ukiondoa kimojawapo kati ya hivyo, kinachobaki ni kitu kingine.

Mfano mkubwa tulio nao umetoka milima hii hii. Denis Mukwege alipomaliza masomo ya udaktari Bujumbura mwaka 1983, alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, hapo hapo kwenye teritwari ya Uvira. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini pale Lemera aliona wanawake waliofika wakiwa wamechelewa mno, wametembea au wamebebwa kutoka vijiji vya mbali, wengine wakifa kwa uzazi ambao daktari mwenye ujuzi angeweza kuusaidia. Hilo ndilo lililomgeuza. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Mwezi wa kumi mwaka 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na wauguzi nao wakauawa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, Mukwege akaanzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Ni kweli kwamba alipofika Lemera alikuwa amekwisha kuhitimu, hakuwa mwanafunzi tena. Lakini angalia kilichotokea: swali la maisha yake hakulipata kwenye silabasi, alipewa na wanawake wa mlimani, na baada ya kulipata ndipo alipojua akasome nini. Faida ya kwanza ya kuhudumu ni hiyo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Unasoma ukijua unatafuta nini.

Sasa nataka niseme wazi jambo ambalo si kujifunza kwa kuhudumu, maana kwetu Kongo neno la kazi ya jamii lina historia nzito. Wazazi wetu wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, enzi za Mobutu, kazi ya lazima ya kufagia na kulima iliyofanywa kwa kuogopa kuadhibiwa. Mpaka leo ukimwambia mzee fulani kwamba wanafunzi watakuja kufanya kazi ya jamii, atauliza nani amewalazimisha. Majirani zetu wa Tanzania nao walipata somo lao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza mamia yao wakarudi makwao. Akapunguza pia mshahara wake mwenyewe. Mimi namwelewa Nyerere, kwa maana hasira yake ilikuwa juu ya wasomi waliodhani taifa linawadai heshima bila wao kudaiwa chochote. Lakini amri peke yake haimfundishi mtu. Kijana aliyepelekwa kwa nguvu hujifunza kuhesabu siku zilizobaki.

Halafu kuna staji ya muhuri. Hii mnaijua wenyewe: mwanafunzi anafika kwenye sentri ya afya au kwenye ofisi, anakaa kwenye benchi mwezi mzima, anatumwa kununua kredi ya simu, siku ya mwisho anasainiwa karatasi na kupewa alama 16 juu ya 20. Amepoteza mwezi, na sentri nayo haikupata kitu. Kama staji yako inaelekea huko, usiiache ife. Mwombe titulari, yaani nesi mkuu wa sentri, akupe kazi moja tu, yenye mwanzo na mwisho, ambayo yeye mwenyewe imemshinda kwa kukosa muda. Mara nyingi kazi hiyo ipo, na mara nyingi iko ndani ya rejesta.

Nitakaa kidogo hapo kwenye rejesta, kwa kuwa wanafunzi wa ISTM, chuo cha mbinu za tiba, wanazidharau. Uvira inajulikana duniani kwa kipindupindu. Ugonjwa huu haukomi hapa mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa juu ya mji wetu, na kiini chake kilikuwa kuweka hesabu mbili za kawaida kando kando: maji yaliyotolewa na REGIDESO, shirika la maji, siku kwa siku, na wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha kutibu kipindupindu. Kwa kufuatilia miaka kadhaa ikaonekana kwamba maji ya bomba yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa wanaongezeka sana. Hakuna mashine ya ajabu iliyohitajika ili jambo hilo lionekane. Yalihitajika madaftari mawili yaliyojazwa kwa uaminifu na watu wenye mishahara midogo, na mtu aliyekuwa na subira ya kuyasoma pamoja. Sentri ya afya yoyote ya Rurambo ina madaftari kama hayo. Ndani yake mna kuhara, malaria, watoto waliozaliwa, akina mama walioanza kliniki wakaacha. Mwanafunzi anayekaa na titulari kupanga rejesta za mwaka mmoja, akachora mwezi kwa mwezi magonjwa yanavyopanda na kushuka, kisha akakaa na ma-RECO, wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, na kuwauliza kwa nini mwezi fulani kuhara kulizidi, atajifunza epidemiolojia ambayo hataisahau. RECO atamwambia kwamba mwezi ule chemchemi fulani iliharibika, au watu wengi walifika wakikimbia vita na kuchota maji mahali pasipofaa. Sababu hiyo haimo kwenye rejesta. Imo kichwani mwa mama yule anayepita nyumba kwa nyumba bila mshahara, na bila mama huyo takwimu za mwanafunzi ni nambari tu.

Wale wa ualimu wana kazi nyingine. Tangu mwezi wa tisa mwaka 2019 shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa za bure, madarasa yalijaa kupita kiasi, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaingia wakiwa wakubwa. Mwalimu mmoja na watoto kwenye madawati yasiyotosha: hilo ndilo darasa la kweli linalomngoja mwanafunzi wa ISP, chuo cha ualimu. Ukihudumu kwa kukaa na kikundi kidogo cha watoto wanaoshindwa kusoma, saa moja kila siku baada ya masomo, utagundua haraka kwamba tatizo la wengi si akili. Mtoto wa Rurambo anaongea Kifuliiru au Kinyamulenge nyumbani, anakutana na Kiswahili sokoni na kanisani, kisha anadaiwa Kifaransa ubaoni. Didaktiki uliyofundishwa inazungumzia mtoto mmoja wa jumla. Hapa utakutana na mtoto mwenye lugha tatu na tumbo tupu, na itakubidi ubuni.

Wanaosoma biashara na uhasibu waangalie vikundi vya AVEC, vya kuweka akiba na kukopeshana. Vijiji vingi vya Kivu Kusini vina kikundi cha akina mama wanaoweka akiba kila wiki katika sanduku lenye kufuli, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Vikundi vingi vinavunjika kwa sababu ya daftari: katibu amehama, hesabu ya riba haieleweki, mmoja anadhani ameibiwa. Ukikaa nao mzunguko mmoja, ukamfundisha mwanachama mwingine kuandika badala ya kuandika wewe mwenyewe, umewaachia kitu. Ukiandika wewe, siku utakayoshuka daftari litakufa. Na usishangae ukikuta mama asiyejua kusoma anakumbuka madeni ya wanachama wote kwa kichwa bila kukosea. Msikilize anavyohesabu kabla ya kumwonyesha safu zako za debiti na krediti.

Wa kilimo na mazingira sitawaandikia mengi, ila hili: usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe na mito mingine ilifurika Uvira, watu makumi wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mji ukakosa maji safi. Maji yale yalitoka juu. Mwanafunzi anayetaka kuelewa mafuriko ya Mulongwe asianzie kwenye daraja, apande akaone miteremko iliyobaki bila miti, azungumze na mkulima aliyeikata ili apate makaa ya kuuza mjini, na aulize nani mjini anayanunua makaa hayo.

Basi tuseme umeamua. Utaanzaje?

Anza kwa kuuliza, na uulize kabla ya kuandika mradi. Kosa la kawaida ni kwenda na mradi uliokwisha kuiva, wenye malengo na bajeti, kisha kuwauliza watu kama wanaupenda. Watakujibu ndiyo. Watu wa milimani wamezoea wageni wenye makaratasi, na wamejifunza kwamba ndiyo ni adabu na huenda ikaleta kitu. Nenda mara ya kwanza mikono mitupu. Pita kwa shefu wa lokalite na shefu wa grupma, usiwaruke hata kama una barua ya shule kuu. Waeleze wewe ni mtoto wa nani, unasoma wapi, umekuja kujifunza. Pita kwa titulari wa sentri, kwa mwalimu mkuu, kwa mchungaji au katekista. Halafu, na hili vijana wanalisahau, wasikilize akina mama peke yao, mahali wanapochota maji au shambani, kwa sababu mkutanoni mbele ya wazee hawatasema yaliyo moyoni. Ukisikia jambo moja linarudi kwenye midomo mitatu au minne tofauti, hilo ndilo.

Chagua kazi ndogo unayoweza kuimaliza. Kulinda chemchemi moja kwa kushirikiana na vijana wa kijiji ni kazi. "Kuboresha afya ya watu wa Rurambo" si kazi, ni kichwa cha ripoti ya shirika. Usiahidi kitu kisichokuwa mkononi mwako. Watu watakuuliza kama utaleta vyandarua, mbegu, barabara. Jibu ni rahisi na linauma: hapana, mimi ni mwanafunzi, nina mikono na muda wa wiki hizi. Kijana anayesema "nitaongea na wakubwa" ili kupoza mambo ameanza uongo ambao mwanafunzi wa mwaka ujao ndiye atakayeulipia.

Kuhusu simu na madaftari, sikiliza vizuri. Milima hii imepitia vita vingi, vijiji vimechomwa, ng'ombe wameporwa, watu wa jamii mbalimbali wamekimbiana. Mgeni anayepiga picha njia, anayehesabu nyumba au kuandika majina na makabila ya watu hafanani na mtafiti. Anafanana na mpelelezi, na anaweza kujiletea balaa yeye mwenyewe, na baya zaidi, kumletea mwenyeji aliyempokea. Omba ruhusa ya kila picha. Usiandike kabila la mtu kama kazi yako haihitaji, na kazi yako karibu kamwe haihitaji. Majina ya wagonjwa yabaki sentri. Usiseme lolote juu ya wenye silaha, wawe wa upande gani, hata kwa mzaha jioni mezani. Na usitume picha za kijiji kwenye vikundi vya WhatsApp vya shule.

Rurambo kuna Wafuliiru, Wanyindu, Banyamulenge na wengine, na kila mmoja ana kumbukumbu zake za machungu. Mwanafunzi akienda, ni vema aende katika kundi lililochanganyika, na kazi yao iguse pande zote. Chemchemi inayonywesha upande mmoja tu, hata ikijengwa vizuri namna gani, itasomwa kama ishara. Nimeona mara nyingi kwamba vijana waliobeba mawe pamoja na kulala chumba kimoja wanarudi wakiwa na urafiki ambao mutualite za makabila yao zisingewapa, na urafiki huo unadumu hata siku mji unapochafuka kwa maneno ya chuki. Faida hii hainunuliwi kwa mafunzo ya hotelini juu ya amani.

Mambo ya njiani: panda kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, ikiwa ratiba inaruhusu, mvua zikianza njia zinateleza na mito haivukiki. Lakini kumbuka kwamba wakati wa kupanda mbegu hakuna mtu mwenye muda na mkutano wako, na siku ya soko hali kadhalika. Waadventista wanapumzika Jumamosi, wengine Jumapili. Beba chakula chako, nguo za baridi, dawa zako. Chukua sabuni na chumvi za kumpa mama wa nyumba utakayolala, kwani vitu hivyo hupanda bei kadiri njia inavyopanda. Ukipewa maziwa au ugali, pokea na ushukuru; kukataa chakula cha mwenyeji ni kumwambia kwamba nyumba yake haikufai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mwanafunzi jembe lianze siku ya kwanza. Teka maji, chanja kuni, shika mtoto. Kazi hizi hazitaandikwa kwenye ripoti yako, lakini maongezi ya kweli huanzia hapo.

Kila jioni andika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanarudi wamechoka na kulala, na baada ya majuma mawili wanabaki na kumbukumbu kwamba "tulifanya kazi vizuri na watu walitupokea." Andika ulichokiona leo ambacho jana ungekataa kwamba kipo. Andika ni somo gani shuleni linalokigusa, na mahali somo hilo lilipopungukiwa. Andika pia ulipokasirika, maana hasira ya mwanafunzi kijijini mara nyingi inaonyesha alikokuja na majibu tayari. Kundi likutane mara moja kwa juma na kusomeana. Kama mwalimu hawezi kupanda, mpigie simu kutoka mahali penye netiwaki na umsomee. Kuhudumu bila kutafakari kutakufanya mtu mwema, nami nawaheshimu watu wema, lakini hakutakufundisha kile ulichokwenda kujifunza.

Mwisho wa kazi, rudisha matokeo. Watu wetu wana lalamiko moja kubwa juu ya wasomi: wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka, na hatuwaoni tena. Kabla hujashuka, itisha mkutano, eleza kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha ya pale mmepata nini, mmekosea wapi, kipi kimebaki. Rejesta ulizopanga ziache sentri. Nakala ya TFC yako ipeleke kwa shefu na kwa shule ya msingi, hata kama hakuna atakayeisoma yote. Kuna mtoto atakayeona jina la kijiji chake kwenye kitabu kilichoandikwa chuoni.

Utauliza: na mimi napata nini mkononi? Swali halali, wazazi wamelipa minerval kwa shida. Utapata TFC ambayo huwezi kushindwa kuitetea, kwa sababu juri ikikuuliza utajibu uliyoyaona. Utapata jibu la kumpa mwajiri anayedai uzoefu wa miaka miwili kwa kijana aliyehitimu jana: una kazi iliyokamilika, una shefu na titulari wanaoweza kupigiwa simu wakakuelezea. Utajifunza kuongea na mtu asiyesoma bila kumdharau, na kwa nesi, mwalimu au agronomu hiyo ni nusu ya kazi. Hutapata pesa. Anayekwenda akitarajia perdiem abaki nyumbani.

Maneno machache kwa walimu na wakubwa wa shule kuu. Haya yote yakiachiwa bidii ya mwanafunzi mmoja mmoja hayatafika mbali. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, kiliweka elimu na huduma katika jamii ndani ya mtaala wa udaktari tangu siku za mwanzo za kitivo chake: mwanafunzi anaanza kwa kuijua jamii, mwaka unaofuata anapima hali yake ya afya, kisha anapanga na kufanya utafiti huko huko kwenye vituo vya vijijini. Makerere nao wana mpango wa namna hiyo. Mexico huduma ya jamii ni sharti la kupata digrii, saa zisizopungua 480, na chanzo chake ni wanafunzi wa udaktari waliopelekwa vijijini tangu mwaka 1936. Sisi tumeingia mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat), krediti 60 kwa mwaka, na mfumo huo unahesabu kazi ya mwanafunzi nje ya oditwari. Basi mpeni krediti kwa kazi hii. Chagueni eneo moja na kulirudia kila mwaka, ili kundi la mwaka huu lianzie mahali kundi la mwaka jana liliposimama. Kijiji kinachopokea wanafunzi wapya kila mwaka na maswali yale yale kitachoka, na kitakuwa na haki. Mwalimu apande walau mara moja. Na alama itolewe kwa daftari la tafakari na kwa maneno ya kijiji, sio kwa unene wa ripoti.

Kuna swali la usalama, na sitalipita haraka. Kuna miezi Rurambo haipandiki. Kabla ya kwenda, mwulize daktari mkuu wa zone ya afya na watu waliotoka huko juma lile lile, si mwezi uliopita. Mmoja wao akikwambia usiende, usiende, hata kama juri iko karibu. Hakuna TFC yenye thamani ya maisha ya mtoto wa mtu. Lakini njia ikifungwa, huduma haifungwi. Watu wa milimani wanapokimbia, hushuka: wanaishi na familia za ndugu na marafiki bondeni, Sange na Kiliba, na mjini kwetu, Kavimvira na Kasenga. Wadeplase hao wana watoto walioacha shule katikati ya mwaka, wana akina mama waliokatiza kliniki, wana wazee wanaojua kila chemchemi ya Rurambo na wanaoweza kukuchorea ramani yake wakiwa wamekaa chini ya paa la mtu mwingine. Familia zinazowapokea nazo zimeelemewa. Chumba cha watu watano kina watu kumi na wawili, choo ni kile kile. Kazi ya mwanafunzi wa afya, ya ualimu, ya maendeleo ya vijijini, yote imeshuka mpaka mlangoni kwake, nauli ya motari tu.

Kwa hiyo usingoje programu, barua ya wizara wala mfadhili. Juma hili, kabla hujachagua sujeti ya TFC, nenda kwenye sentri ya afya au shule ya msingi iliyo karibu na unapolala. Msalimie titulari au mwalimu mkuu kwa heshima, mwambie wewe ni mwanafunzi, na umwulize ni kazi gani imemshinda kuimaliza kwa kukosa mtu wa kumsaidia. Andika jibu lake, mpelekee mwalimu wako kesho yake, na mkubaliane siku ya kuanza.